Wa Saba

Vidole vya Nibaldo vinakufa ganzi tangu Machi.
Randa humponyoka. Jioni homa, asubuhi hamna kitu.
Wa kwanza alisema uzee; ana arobaini na minne.
Wa tatu, mawazo.
Wa tano hakubandua macho kwenye kompyuta.

Nimebeba bahasha ya vipimo
toka Valdivia hadi Temuco, mvua ikilowesha pembe,
nikiitwa mke msumbufu.

Leo daktari Quilodrán kamvua soksi mwenyewe,
kagusa kidole kimoja kimoja,
kauliza mbao anazipaka dawa gani,
kisha kanigeukia: "Na wewe umeona nini?"

Nikasema mpaka koo likakauka.

"Sijui bado," akajibu. "Rudini Jumanne."

Kwenye basi Nibaldo alinilalia begani.
Nami nikalikumbatia lile *bado* ndani ya koti
kama mkate wa moto.