Anasema kwa Lugha Nyingine

Chumba chetu cha sinema kiko juu ya fundi pikipiki,
mtaa wa Yancheng, Kaohsiung. Viti thelathini na viwili,
kimoja hakikaliki.
Kiyoyozi tunakizima filamu ikianza,
maana kinakoroma kumshinda mzee Ta-kun,
anayekata tiketi kila Jumapili ili aje alale.

Mimi nauza tiketi, nawasha projekta, naosha vikombe.
Sikusomea filamu. Nimezitazama tu,
kama mtu anavyotazama mvua kwa kukosa mwavuli.

Jumapili ile tulikuwa tisa.
Mwongozaji alikuja mwenyewe, Hsieh Pei-chun,
na filamu aliyoipiga kwa mkopo wa dada yake
na kamera ya kuazima iliyorudi kwa mwenyewe na ufa.
Ilishazunguka matamasha mawili ya Ulaya,
ikarudi na majani ya ushindi yamechorwa kwenye bango,
na deni lile lile.

Mzee, kiti cha magurudumu, bandari.
Dakika kumi na moja kamera haisogei.
Mzee anazitazama meli za makontena. Meli hazimtazami.
Nyuma yake mwanamke anasukuma kiti,
anasimama, anafunga kamba ya kiatu,
anasema kitu.
Na chini, kwa herufi nyeupe:
*Anasema kwa lugha nyingine.*

Taa zikawaka. Yen-ting, kijana wa chuo,
akasema ukimya ule ni siasa,
akataja Wairani, Wakorea, Wafilipino,
jinsi kila mmoja anavyoivuta saa kwa namna yake.
Bi. Fang-mei akamkata kauli: Hakuna kilichotokea!
Kwenye tamthilia zangu za jioni, alisema,
ikifika dakika ya kumi na moja
mtu ameshapoteza kumbukumbu, figo na mchumba.
Tukacheka. Pei-chun naye alicheka, ila kwa meno tu.

Kisha mkono, kiti cha mwisho, karibu na mlango.
Wiji Astutik, wa Ponorogo, Java,
anayemuuguza bibi wa watu ghorofa ya sita, jengo la pili.
Hukaa pale ili akitoka asimsumbue mtu.
Kipaza sauti alikikataa.
"Yule anayesukuma kiti anaitwa nani?"

Pei-chun akatazama dari,
kana kwamba majina ya mwisho wa filamu yanapanda huko:
mpishi, dereva, dada.
"Alikuwa mlezi wake kweli. Tuliwakuta hapo hapo."

Kitanda cha mtu, hata ukikipiga picha dakika kumi na moja,
kunguni wake hawaonekani.

"Alichosema ninakijua," akasema Wiji. "Ni Kijava."
Chini fundi alikuwa akijaribu injini.
Tukamsubiri amalize.
"Alisema: Babu, ile meli ya kijani ndiyo ya jana.
Bado haijapewa nafasi.
Na babu aliitikia. Hamkumwona?"

Hatukumwona.
Akavaa viatu vyake; dawa ya bibi ni saa tatu kamili.

Nikairudisha filamu nyuma, hakuna aliyeniomba.
Meli ya kijani, kweli, kushoto, ndogo kama kucha.
Na kichwa cha mzee kikashuka, kikapanda.
Miaka mingapi, nilijiuliza,
hadi mzee wa bandari hii asikie Kijava?
Yen-ting hakuutaja tena ukimya.
Bi. Fang-mei akaomba tuitazame mara ya tatu.

Pei-chun alimtafuta yule mwanamke. Mzee amefariki,
nyumba imepangishwa, namba ya simu ina mtu mwingine.
Kubadilisha mstari mmoja wa maandishi
studio inataka pesa za kodi ya mwezi.

Basi kila tunapoionyesha,
dakika ya thelathini na saba, gizani,
nasema kwa sauti kutoka kwenye meza ya tiketi:
Babu, ile meli ya kijani ndiyo ya jana.
Wageni hugeuka, hunidhania nimerukwa na akili.
Mzee Ta-kun huamka, huitikia,
halafu hulala tena.

Jina bado hatunalo.