Kisima cha Pili, Maji ya Chai

Jumatatu, jua halijachungulia upande wa Kibo,
navuta kebo kutoka kisimani, pima kwa pima,
na kihisio kinakuja mwisho, kinachuruzika,
kidogo kama kidole gumba,
kimevaa koti jeupe la chokaa.

Usikwangue.
Ndivyo alivyofanya Ndelilio, fundi aliyenitangulia,
kwa ncha ya msumari,
na miezi minne tukasoma uongo kwa mwandiko mzuri.
Mimi nakiloweka katika siki, kikombe cha plastiki,
nakaa juu ya ndoo nangoja
vipovu viache kupanda.
Kisha maji ya betri, yale ya kituo cha mafuta Usa River,
mara tatu. Bila kitambaa. Bila kidole.

Halafu chupa ya kusawazishia:
elfu moja mia nne na kumi na tatu, kwa nyuzi ishirini na tano.
Namba hiyo naijua kuliko ya simu ya mama.
Kioo kinasema elfu moja mia tatu themanini;
nakirudisha njiani taratibu
kama unavyomrekebisha mtoto aliyekosea sala,
si kwa kofi.

Nakitumbukiza. Nakigongagonga mgongoni
kama kichanga aliyeshiba, mpaka kicheue,
maana povu moja la hewa likinasa katikati
maji mabaya huonekana mema.

Bwana Akyoo, mwenyekiti wa jumuiya ya maji, analipenda povu hilo.
"Nasari, mwezi jana namba ilikuwa nzuri.
Hiki kidude kimechoka."
Sibishani. Namkabidhi chupa, namwonyesha kioo.
Kidude hakijachoka.
Mwezi jana mimi ndiye niliyekuwa na haraka,
na nimeandika hivyo, kwa kalamu nyekundu,
pembeni ya ile namba nzuri.

Hakijui jina la chumvi, kihisio hiki.
Ukikiuliza ni ipi inayopaka meno ya watoto kahawia
hakitaji. Kinahesabu tu jinsi umeme unavyopita,
kinasema: zimo, nyingi, kuliko juzi.
Jina litatoka maabara ya mjini, wiki mbili,
gari likipata mafuta.

Kwa hiyo wiki mbili ndoo za hapa
ni za kufulia na kudekia.
Ya kunywa, pandeni hadi bomba la mserereko, juu kwenye shule.
Foleni inaniangalia kama niliyekiziba kisima kwa mikono yangu.
Binti mmoja, Ndeanasia, dumu kichwani, anauliza:
"Dada, umejuaje? Kwani umeonja?"

Nacheka, na mkono, kwa mazoea, unapanda mdomoni.
Nilizaliwa hapa. Nilikunywa hapa.
Kabla ya kebo na kioo
kipimo cha kijiji kilikuwa vinywa vyetu.
Naushusha mkono.
Nacheka tena, aone.

Kihisio kinarudi chini, waya unateleza kiganjani.
Elfu moja mia tisa na sita.
Nangoja itulie.
Naandika.