Mita Moja ya Mraba

Umande wa Matamba haukuulizi umevaa nini.
Ulinilowesha hadi magotini
darasa la sita likiwa nyuma yangu,
watoto arobaini na mmoja, vijiti, kamba ya katani,
na jogoo aliyetufuata toka kwa mama Ilomo
akakataa kurudi.

Baridi ilikuwa imekwisha kuaga.
Ile ya Julai, inayogandisha maji ya kunawa
na kubabua majani ya viazi kama moto,
ilikuwa imeshuka bondeni na madeni yake.
Mvua mbili tu, kilima kikafunguka:
njano, zambarau, nyeupe yenye madoa,
na mbayuwayu wamerudi, wanakata hewa chini chini
kama fundi anayepima kitambaa kwa jicho.

Jumamosi hiyo tuliiita Siku ya Maua.
Uwanjani turubai lilikuwa limeshasimama,
kwaya ya usharika inatafuta sauti ya pili,
sufuria za viazi zinatokota tangu alfajiri,
mwenyekiti anakariri hotuba kwa midomo mitupu.
Sisi tulikuwa huku juu, shuleni kusiko na kuta.

"Rusheni kijiti nyuma ya bega," niliwaambia,
"kitakapoangukia, hapo ndipo penu.
Msichague penye uzuri.
Zungusheni kamba, mita kwa mita, mhesabu kilichomo."
Wakatawanyika. Kilima kikaota migongo ya sweta za kijani.

Eliuda alihesabu sisimizi, akapotea, akaanza upya.
Mapacha wa Mbilinyi waligombania chura:
miguu miwili ilikuwa ndani ya kamba, miwili nje.
Tukaandika: chura, nusu.

Zelida Chaula hakuniita. Nilimkuta amechuchumaa,
kidole ndani ya shimo,
kama anayepima joto la mtoto mgonjwa.
Daftari lake lilisema:
Maua, matatu.
Mashimo, kumi na moja.

Kila mtu hapa anayajua mashimo hayo.
Chini ya ua kuna kiazi kidogo, chikanda;
hujaza debe, debe hupanda lori usiku,
lori huenda Tunduma na kuvuka.
Kinachorudi ni bati, ni sare, ni dawa ya bibi,
ni viatu nilivyovikagua Jumatatu mstarini
nikavisifu.

"Huyu alichimba kwa mkono wa kushoto," alisema.
"Umejuaje?"
"Udongo umelalia huku."
Akapangusia kidole kwenye sketi. Hakuongeza neno.
Nami sikuuliza. Mwalimu ana maswali
anayoyauliza kwa sababu majibu yake anayajua,
na mengine huyaogopa kwa sababu hiyohiyo.

Saa nane mchana, chini ya turubai, walisoma.
Eliuda: sisimizi, mia mbili na kitu. Makofi.
Mapacha: chura, nusu. Watu wakacheka
mpaka mzee wa kanisa akavua miwani.
Zelida akapanda juu ya kreti la soda,
akasoma taratibu, kwa sauti ya imla:
Maua, matatu. Mashimo, kumi na moja.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyeguna.
Mvuke wa viazi ulikwenda zake.
Penye masufuria mwanamke mmoja alikuwa anamenya,
kisu mkono wa kushoto;
ganda lilikuwa refu, jembamba, halijakatika.
Likakatika.

Jioni, turubai likikunjwa, alinijia
akifuta mikono kwenye kitenge.
"Mwalimu," alisema, "yale matatu,
yapo upande gani wa kilima?"

Nilimtazama. Hakukwepesha macho.
Nyuma yake Zelida alikuwa anaizungushia kamba kiwikoni,
mzunguko juu ya mzunguko, ametupa mgongo,
sikio lote likiwa kwetu.
Jogoo wa mama Ilomo alikuwa bado hajarudi kwao.

Nikanyoosha mkono.