Sekunde Sitini

Mimi ni mshika sauti. Wenzangu hula kwa macho,
riziki yangu huingia masikioni.

Tulitoka Tbilisi saa tisa usiku,
watu watano, masanduku kumi na saba,
Otari kashika usukani kwa mkono mmoja, wa pili una mbegu za alizeti,
na njia ya Tusheti inapanda, huku jabali, huku hewa tupu.
Mwongozaji wetu, Nestani, alifumba macho akahesabu bajeti vidoleni.
Zurabu wa kamera hakufumba. "Simamisha! Mwanga ule!"
Tukasimama konani, pahali ambapo hata mbuzi hupita kwa kuomba radhi.
Lenzi haijavuliwa kifuniko, mwanga ulishakwenda zake.
Akatukana, tusi refu lenye mashangazi wawili ndani.

Yote hayo kwa tangazo la jibini.
Sekunde thelathini.

Mchungaji Avtandili alitupokea amevaa suti ya harusi yake,
imembana makwapani, tai nyekundu hadi kooni.
Nestani akamsihi: vaa nguo za kazi, baba, za kila siku.
"Za kila siku majirani wanazijua," akajibu.
Wakapatana: koti la ngozi ya kondoo juu, suti chini,
tai ikichungulia kama ulimi.

Alikuwa na maneno manne tu ya kusema:
*Mama yangu alilitengeneza hivi.*
Mara ya kwanza akaitazama kamera kama mtoza kodi.
Mara ya tano kondoo akakojoa, akakojoa, akakojoa.
Mara ya tisa akamsahau mama.
Betri zikazirai kwa baridi, tukazibana makwapani
kama wagonjwa waliopewa vipimajoto.
Mara ya kumi na nane mbwa wake,
mbwa wa huko, aliyekatwa masikio ili mbwamwitu akose pa kushika,
akaiona maikrofoni yangu imevaa manyoya ya kijivu,
inaning'inia kwenye fimbo juu ya kichwa cha bwana wake.
Akaruka.
Nimewahi kurekodi treni, mvua ya mawe, na mwanamke anayejifungua,
lakini meno sijawahi kuyasikia kutoka ndani.
Zurabu alicheka hadi kamera ikatetemeka.
Picha hiyo haina kazi. Tumeitazama mara mia.

Jua lilipokaribia ukingo nikadai haki yangu:
dakika moja ya kimya, kila mtu alipo.
Kimya cha zizi si kimya cha jikoni,
na mhariri hukihitaji kama fundi anavyohitaji kiraka cha kitambaa kilekile.
Wakaganda. Khatuna, msaidizi, mguu mmoja hewani,
Otari na mbegu katikati ya meno.

Waliosema kimya kina mshindo hawakuvaa hedifoni,
lakini hawakukosea.
Sekunde ya nane: kengele, mbali.
Ya ishirini: tumbo la Zurabu, lori linapanda mlima.
Ya arobaini na moja: Avtandili,
ambaye hakuna aliyekumbuka kumvua kinasa kidogo chini ya tai,
akamwinamia mbwa na kumwambia taratibu,
kama mtu anayefunga mlango mtoto asiamke,
"Mama yangu alilitengeneza hivi."

Kamera ilikuwa tayari sandukuni.
Sikuinua mkono. Kanuni ya kimya niliiweka mwenyewe.

Mjini walikodi mwigizaji, sauti nene, ya asali na moshi,
asiyejua zizi linanukaje.
Jibini likauzwa.
Faili langu ninalo. Nimeliandika *kimya, Tusheti*,
na kwa kazi halifai, maana kimya chake kina mtu ndani.

Juzi Avtandili alinipigia simu. Tangazo ameliona kwa jirani.
Sauti si yake, hilo hakulitaja.
Alitaka kujua tu
kama kule kwetu, kwenye televisheni kubwa,
tai ilionekana nyekundu.