Ncha Juu, Ncha Chini

Cherehani yangu iko Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
kibarazani, mkabala na muuza mkaa.
Vita sivijui. Najua uzi.

Jumatano alikuja Mbwana, mtoto wa dada yangu,
sajini wa jeshi letu, V zake tatu zimefumuka mkononi.
Nyuma yake Matano, wa kaka yangu aliyehamia Kwale,
amevuka Horohoro kuja harusini
na shati la kazi ndani ya mfuko wa rambo:
"Shangazi, na yangu pia."

Nikayatandaza mezani, nikazifumua zote.
V tatu, V tatu.
Huyu sajini, yule sajenti.
Herufi tu, nikasema.
"Herufi?" Matano akacheka. "Hapo katikati
pana mihuri miwili na foleni ya malori."

Kahawa ikaja, wakaanza.
Nyota mbili kwetu ni luteni, ndevu ndio kwanza zinamwota;
kwa Wamarekani nyota mbili ni jenerali,
akipiga chafya watu wanasimama.
Kapteni wa nchi kavu ana nyota tatu na mkopo wa pikipiki;
kapteni wa majini ni mwenziwe kanali,
ukimzoea kama yule wa bara, utajuta.
Begani mwa meja, Mwingereza alipoweka taji
sisi tukaweka bibi na bwana, kila mtu na pembe yake ya ndovu.
"Na Warusi?" nikauliza, nisionekane mjinga.
Wakakohoa wote wawili.

"Wengine," akasema Mbwana, "V zao wamezipindua,
ncha iko juu."
Nikaelewa mara moja:
wao paa la nyumba, sisi shingo ya fulana.
Geuza kitambaa, umehama nchi.

Ndipo nikalikumbuka kopo la biskuti la marehemu mama.
Ndani mna V mbili za kitambaa, wekundu umebaki kwenye mishono tu:
za babu yake, Ombasha Mwinjuma, askari wa Mdachi.
Ombasha! Vijana wakalionja neno kama pipi ya zamani.
Koplo, wakakubaliana. Labda koplo usu.
Alikuwepo siku ile ya nyuki, hapa hapa Tanga.
Vitabu vina risasi; sisi nyumbani tulihadithiwa nyuki,
na nyuki hawakusoma bega la mtu,
walimdunga bwana mkubwa, wakamdunga na mpishi wake.

Mbwana akaziweka V mkononi, ncha chini.
Matano akazigeuza.
Uzi uling'oka zamani, kitambaa hakina kumbukumbu,
na aliyezivaa hatukumuuliza.

Chini ya kopo, kibati cha duara, tundu moja, namba nne:
4071.
Hiki cha Kombo, shemeji yake Ombasha.
Mwingereza alipouchukua mji, alimchukua na yeye,
akamtwisha unga, risasi, kitanda cha kukunja cha ofisa,
akamfunga hiki shingoni.
Bibi yetu, mke wa mmoja na dada wa mwingine,
hakuwatenga: kopo moja, kifuniko kimoja.

"Huyu alikuwa cheo gani?" akauliza Matano.

Mbwana akatafuta kichwani, kutoka jenerali kushuka,
akapita sajini, akapita koplo, akafika kuruta,
akasimama pale, chini hakuna ngazi.
Kahawa ikapoa.
Muuza mkaa akamwita mteja.

Nikawashonea. Elfu mbili kwa shati, sikumpunguzia mtu.
Walipokwisha kuondoka, nikaanza kuwa na wasiwasi
V zipi nilizirudisha kwenye shati lipi.
Hajarudi hata mmoja kulalamika.

Zile nyekundu nimezirudisha koponi.
Kibati ninacho hapa, juu ya meza:
upepo wa alasiri ukipita barabara ya kumi na tatu
nakiweka juu ya kitambaa,
kinanishikia.