Meli

Bibi Nyanzobe alikanda mkate miaka kumi na minne
kwenye tanuri la Pandeli, Mgiriki wa Tabora,
nyuma ya stesheni, pale sasa panapouzwa vocha na betri.
Hadi leo akikunja shuka
mikono yake hukunja donge.

Pandeli aliletwa na reli, akasahauliwa na reli.
Kinyamwezi alikijua cha utani,
Kiswahili cha kudai madeni,
lugha yake mwenyewe aliizungumza na paka,
na homa.

Homa ya mwisho ilimkuta mwaka wa mvua nyingi.
Alilala juu ya magunia ya ngano, neno lake moja tu:
meli.
Asubuhi meli. Usiku meli.
Watu wakatazamana. Meli, Tabora?
Huku tuna vumbi, tuna tumbaku, tuna honi ya treni saa nane usiku.
Bibi akafungua pindo la kanga, akahesabu,
kilichopungua akakikopa Kanyenye,
akakata tikiti mbili za daraja la tatu.

Urambo alikunywa maji. Kaliua alikataa uji.
Malagarasi, mto umefurika hadi kwenye tuta,
alimshika Bibi kidole, akasema tena taratibu
kama mwalimu anayemrudia mtoto mzito: me-li.
"Tunakwenda, Bwana. Kesho utaiona."

Wakaiona. Liemba imetia nanga Kigoma,
inapakia dagaa na chumvi ya Uvinza.
Pandeli akaitazama kwa adabu,
kama mtu aliyepewa zawadi ya jirani.
Siku ya tatu alikufa.
Padri wa watu wengine akamsomea.

Miaka sitini Bibi anaisimulia safari hiyo,
kila mara kifua mbele.

Mimi nafuga nyuki, Sikonge, kwenye miombo.
Mwaka jana chama kilinituma Ugiriki,
wiki tatu kwa wafugaji wenzetu, kisiwa cha Limno.
Nilitarajia zile nguzo nyeupe za kitabu cha darasa la sita.
Nikakuta upepo. Mbuzi. Kuta za mawe zisizozuia kitu.
Mlima mkavu wenye rangi ya punda.
Mwanamke wa kitambaa cheusi akipepeta dengu,
na alipopuliza makapi
nilisikia pumzi ya mama yangu.
Nikajiuliza: huku ndiko alikokuwa akikulilia?
Mbona ni Tabora iliyozungukwa na maji?

Jioni Fotini, mwenyeji wangu, alinimegea mkate,
akasogeza bakuli.
"Meli," akasema.
Nikageukia dirishani kutafuta bandari.
Akacheka, akachovya kijiko, akanitia mdomoni.

Asali.

Jamani, asali.
Mtu alikufa na hamu ya asali
katika mji wa asali.
Tulimpakia kwenye behewa, tukampitisha
Usoke, Urambo, Kaliua, Nguruka,
na kila stesheni wanawake waliinua chupa hadi dirishani mwake
wakiita bei,
na Bibi, mwenye haraka ya kumfikisha,
aliwapungia mkono: hatutaki, hatutaki.

Nilirudi na chupa moja ndogo.
Siku nne sikusema kitu; niliiweka nyuma ya redio.
Ya tano nikasema yote, haraka, kama anayetoa mwiba.

Bibi alinyamaza hadi chai ikashika utando.
Kisha akachovya kidole, akalamba.
"Ya kwetu ina moshi zaidi."
Akalamba tena.
"Na meli, hii inayoelea, wao huiitaje?"

"Karavi."

Alilitafuna neno hilo kwa fizi, upande huu, upande ule,
akipekua alfajiri za miaka kumi na minne,
unga, kuni, matusi, usingizi wa mchana,
yule mzee akimnong'onezea paka.

"Hilo," akasema,
"hilo hakuwahi kulisema hata siku moja."