Mega za Mazishi

Kunawa mikono tulikuwa tumekwisha kujifunza.
Ebola ilitangulia, ikatuachia ndoo zenye bomba,
harufu ya klorini kwenye vidole vya kulia ugali,
na yule kijana wa kizuizi cha Munigi
anayekulenga paji la uso kama anakudai.
Kwa hiyo walipofunga Bariye Ndogo, mwezi wa tatu,
sikushtuka. Nilibeba meza yangu
kutoka kwenye foleni ya wachuuzi wa Gisenyi
hadi ukuta wa mawe meusi nyuma ya duka la Kanyere, Birere,
nikaendelea kuuza mayunite.

Simu ikalia. Ujumbe.
"Mteja mpendwa, kaa nyumbani. Tuko pamoja."
Niliusoma nikiwa nimesimama njiani.
Wa pili ukaingia kabla sijafunga wa kwanza:
"Kifurushi chako kimekwisha."

Nisiseme uongo, mimi pia nilipata.
Shule zimefungwa, kanisa limehamia kwenye kioo,
mchungaji anapokea sadaka kwa namba ya simu,
waliozoea kununua za mia mbili wananunua za elfu.
Katika kila franga mia, tano zilikuwa zangu.
Zile nyingine zilipanda mnara, zikaenda.
Radioni mtangazaji akasema,
kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mpira,
kwamba wenye kampuni za mitandao, huko ng'ambo,
mali yao imeongezeka wakiwa wamelala.
Kanyere akaacha kupima unga.
"Wamelala? Wanalalia kitanda gani?"

Habamungu alishuka kutoka Rubaya na gunia tupu.
Mnunuzi haji, alisema, ndege haziruki,
bei ya kilo imepiga magoti.
Akakopa mayunite ya kumweleza mkewe.
Wiki ileile, simu niliyokuwa naikodolea macho dukani
ikapanda dola ishirini.
Nilichukua kalamu: jiwe linashuka, simu inapanda.
Kalamu ikagoma.

Mjomba Tsongo alifariki Butembo, siku ya Jumanne.
Haikuwa korona. Moyo tu.
Barabara imefungwa, Goma imetengwa
kama sahani ya mgonjwa.
Tukamzika kwa simu.

Tulikuwa kumi na mmoja sebuleni,
simu imeegemezwa kwenye thermosi ya chai,
shangazi Masika ameikingia mkono isianguke.
Kule, binamu ameinua yake juu ya vichwa vya watu:
tunaona mawingu, kofia, koleo, kiatu cha padri.
Sura ya mjane ikaganda mdomo wazi,
halafu akatamka neno tulilokuwa tumekwisha kulisikia.
Nilikuwa nimeweka mega mia tano.
Mia tano, mimi muuzaji, kwa bei ya mteja.
Jeneza likaanza kushuka. Kamba mbili.
Mtu akasema, "Polepole upande wa kichwa,"
na kile kiduara kikaanza kuzunguka.

Kikazunguka.
Masika akakitazama kama anayengoja maji yachemke.
Nikakimbilia sanduku langu, umeme hakuna,
nikakwangua kadi kwa kucha, nikahesabu tarakimu,
nikakosea ya tisa, nikaanza upya.
Tuliporudi hewani palikuwa na kichuguu cha udongo
na watu wananawa mikono.

Kisha kioo kikawa cheupe. Nyota tano tupu, zimejipanga.
"Mawasiliano yalikuwaje?"

"Wanataka nini hawa?" Masika akauliza.
Wanauliza kama mazungumzo yalikuwa mazuri, shangazi.
Akafikiri. Hakuwa na hasira, au aliiweka mbali nasi.
"Wape tatu. Mawingu yalionekana vizuri."
Akabonyeza mwenyewe, kidole kimelowa klorini.
Nyota haikukubali.
Akakipangusa kwenye kitenge,
akabonyeza tena.